Gari Tunaloliita Mkwe

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mwaka huu naendesha gari. Nimeanza kwa kuliandika hilo ili kesho nisije nikajikana mwenyewe.

Msimu uliopita Hafidhi, mume wangu, alishuka Korogwe kumzika mjomba wake, akakaa wiki nzima. Huku nyuma plamsi zikaiva zote kwa mpigo. Gari lilikuwa uani, zima, mafuta yamo, ufunguo unaning'inia ukutani, na katika nyumba nzima hakukuwa na mtu wa kuligusa. Magari ya kukodi yalikuwa yameshikwa na wenzetu wote wa hapa Malindi, huku milimani Lushoto, maana kila mtu alikuwa na plamsi zake. Nusu ya matunda yetu tuliwamwagia ng'ombe. Wao walishukuru, kisha wakaharisha siku tatu.

Basi nimeapa. Leo nimemwambia Hafidhi akiwa anakunywa chai, akacheka hadi chai ikamtokea puani. Halafu akasema, "Haya, Mama Shamsa. Nitakufundisha." Kasema kweli! Nimeosha vyombo vyote vya nyumba hii bila kuona kama nimeosha.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Nimepiga picha ya usukani kwa simu nikamtumia Shamsa, binti yetu, aliye chuoni Tanga. Kanijibu: "Mama, umeumwa?"

Ijumaa, 8 Novemba

Gari letu ni pikapu ya zamani. Ilikuwa imeshatumika tulipoinunua, na tangu hapo tumeitumia kama mtu anayekamua ndimu mara ya pili. Tunaliita Mkwe kwa sababu haliamrishwi, linaombwa. Asubuhi unaliamkia kwa upole, unalisubiri likohoe, unarudia tena. Ukilifokea litakununia mbele za watu.

Leo limenuna mbele ya msikiti, watu ndio wanatoka swala ya Ijumaa. Wanaume wenye kanzu nyeupe wakalisukuma kwenye tope. Mmoja akasema, "Hafidhi, mkwe hasukumwi!" Watu wakacheka. Hafidhi hakucheka. Alikaa kwenye usukani akiangalia mbele, na aliposhuka alishuka taratibu mno, nikajua ameona aibu.

Jumapili, 10 Novemba

Fundi Elinuru kaja kumwangalia Mkwe. Kaingia chini ya gari, katoka na grisi hadi kwenye nyusi.

"Shemeji," ananiambia mimi, maana Hafidhi alikuwa amegeukia kuku, "gari halijafa. Limechoka. Klachi imekwisha, injini ifunguliwe, na breki hizi zimeungua. Nyie watu mnashuka mlima na gia huru."

Hilo nalo si geni. Dereva gani wa huku asiyeshuka na gia huru? Anafika kichwani mwa mteremko, anatoa gia, anaacha gari lijiendee lenyewe kwa breki tupu, anasema anabana mafuta. Kisha mafuta aliyobana anayamaliza kwa kununua breki. Nilimkaripia Hafidhi palepale kwamba ubahili wake utatuua.

Yeye akajibu, "Basi tuliuze. Mazinde kuna mtu ana pikapu nzuri, otomatiki. Tuchukue ile."

Otomatiki! Nilihisi kama mtu amenivutia mkeka nilioukalia. Otomatiki ya nini sisi? Akiba yetu inatosha jambo moja tu, kumtibu Mkwe au kununua hilo la Mazinde. Mimi nataka Mkwe atibiwe. Namjua tabia zake, namjua anakohoa lini, na nikijifunza nitajifunza kwake.

Jumanne, 12 Novemba

Wifi yangu Rahma kaja kuazima chungu cha makande. Kasema kaka yake ana haki ya gari zuri, tena mwanamke akishika usukani kwenye kona zile atapiga honi hadi ng'ombe watoe maziwa ya mgando. Nimempa chungu kilichotoboka.

Jumapili, 17 Novemba

NIMEENDESHA.

Uwanja wa mpira wa shule, asubuhi, umande bado haujakauka. Hafidhi kaniweka upande wa dereva, yeye kakaa pembeni. Kasema, "Kanyaga klachi mpaka chini. Tia gia ya kwanza. Sasa achia taratibu, kama unamlaza mtoto." Nikaachia. Mkwe akaruka kama mbuzi, akazima. Tena. Akazima. Mara ya tano, Bismillahi, akaenda! Akaenda kweli, mimi ndiye ninayempeleka! Nilipiga kelele hadi mwalimu mkuu akatoka nyumbani kwake na mswaki mdomoni.

Goli la upande wa mtini limeinama kidogo. Hafidhi kasema atalinyoosha. Sikumsikia akinifokea hata mara moja, na mimi ndani ya wiki hii nzima nimemwita bahili, mpenda sifa na mengine nisiyoyaandika.

Lakini bado anataka otomatiki.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Plamsi zimeanza kupiga wekundu upande wa jua.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimejiandikisha shule ya udereva Lushoto. Darasani tuko kumi na moja, mimi peke yangu ndiye mwenye mtoto chuoni. Mwalimu kauliza nani anajua kazi ya klachi. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza! Sasa nina leseni ya kujifunzia, nimeiweka kwenye sidiria, haitoki.

Jumapili, 1 Desemba

Leo tulikwenda Mazinde kuliona hilo gari. Nimerudi nimechanganyikiwa, na naandika haraka kabla Hafidhi hajamaliza kuswali.

Mwenye gari anaitwa Lucian, mtu wa makamo, alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, sasa ananunua magari na kuyauza. Gari ni jeupe, safi, lina viti ambavyo havijashonwa kwa sindano ya gunia. Lucian akatuzungusha barabara ya lami ya huko chini, tambarare tupu, kwenda kilomita tano, kurudi kilomita tano. Akasema, "Mmeona wenyewe. Halitetereki."

Nikamwambia, "Kaka Lucian, tambarare hata toroli halitetereki. Tulipandishe Soni."

"Mama, gari halinunuliwi kwa kupandishwa mlima."

"Sisi tunakaa mlimani. Au unafikiri tutalipangishia chumba hapa Mazinde?"

Akacheka, akakubali. Nilikuwa na hakika litachemka kona ya tatu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu. Basi likapanda! Likapanda kama halina habari, Hafidhi kwenye usukani, mimi katikati, Lucian dirishani akiimba. Tukafika Soni, tukageuza, tukashuka, na breki zikashika vizuri. Nikatafuta kasoro, nikaikosa.

Kisha nikamwangalia Hafidhi. Muda mrefu sijamwona na uso ule. Alikuwa anatabasamu peke yake, anaendesha kwa vidole. Nikatazama chini. Mguu wake wa kulia unafanya kazi, mafuta, breki, mafuta. Wa kushoto umenyooka pembeni, umepumzika, hauna kazi yoyote, maana gari lile halina klachi.

Hapo ndipo kila kitu kilinijia. Anavyoshuka garini taratibu. Anavyounyanyua mguu wa kushoto kwa mkono akiingia, nami nikidhani ni mazoea. Gia huru! Hakuwa akibana mafuta. Alikuwa anakwepa kukanyaga klachi kila kona, kutoka Lushoto hadi Mombo, kona zisizo idadi. Na mimi nimempigia kelele za ubahili mbele ya fundi.

Goti la Hafidhi limekwisha, na hajaniambia.

Jumatatu, 2 Desemba

Sikulala vizuri. Tukichukua la Mazinde, yeye ataendelea kuendesha. Tukimtibu Mkwe, yeye hatamudu klachi, nitaendesha mimi. Kumbe si suala la gari. Tukichagua gari tunachagua dereva, na mimi nilikuwa napigana nimnyang'anye usukani bila kujua. Kuendesha ndiyo kazi anayojivunia maisha yake yote. Mashamba ni yangu zaidi kuliko yake, hilo hata yeye husema.

Nimempikia kuku. Akauliza kuna mgeni gani.

Alhamisi, 5 Desemba

Bado hajasema. Namsubiri aseme mwenyewe. Mguu ni wake.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimepaki gari kinyumenyume kwenye uwanja, kati ya ndoo mbili, bila kugusa ndoo! Hata Rahma alipiga vigelegele, halafu akajifanya alikuwa anaita kuku.

Jumatano, 11 Desemba

Nimekaa kitandani, siandiki kwa huzuni. Alhamdulillahi, tuko hai, na kuna jambo nimelifanya.

Mnunuzi wa Mombo alitaka matenga ya kwanza ya plamsi leo. Tulipakia alfajiri, Mkwe akawaka kwa mara ya pili tu, nikasema siku njema. Msitu wa Magamba ulikuwa na ukungu, barabara ya udongo imekuwa uji, lakini tukafika Lushoto salama. Tukapita Soni. Chini ya Soni ndiko mlima wenyewe unakoanguka, ukuta upande mmoja, upande mwingine unaona vichwa vya miti.

Tangu nimkaripie, Hafidhi hashuki tena na gia huru. Leo kila kona alikuwa anakanyaga klachi, na kila akikanyaga nilimwona anauma mdomo. Nikajiambia moyoni, Mwanaheri, sema. Sema kwamba unajua. Sikusema, nikiona haya kumvunjia heshima. Heshima gani hiyo, inayomwacha mtu aumie?

Kwenye kona moja ndefu akakanyaga breki, breki ikaenda chini kama unakanyaga mkate. Akapampu. Ikashika kidogo, ikaachia. Nikasikia harufu ya kuungua. "Punguza gia!" nikapiga kelele. Akapeleka mguu kwenye klachi, na goti likagoma pale pale. Likajifunga. Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake hata siku mama yake alipofariki.

Sijui nilipata wapi akili. Nilijitupa juu ya miguu yake, nikaushika ule mguu wa kushoto kwa mikono miwili, nikausukuma chini kwa uzito wangu wote mpaka klachi ikaingia. "Tia gia ya pili!" Akatia. Nikaachia taratibu, kama alivyonifundisha uwanjani. Mkwe akaguna, akatikisika mwili mzima, akaanza kupungua mwendo. Hafidhi akamwegemeza kwenye ukuta wa udongo, bati likakwaruza, tukasimama. Nikaruka nje nikaweka mawe kwenye magurudumu yote manne. Tenga moja la plamsi lilikuwa limepinduka, zinashuka barabarani moja moja, zinatutangulia Mombo.

Tulikaa kwenye jiwe. Breki zinatoa moshi. Yeye ameshika goti, machozi yanamtoka, hayafichi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tulipovuna viazi mwaka juzi. Niliteleza na gunia."

"Nilijua tangu Mazinde."

Akaniangalia. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Nami nilikuwa nasubiri ile otomatiki," akasema. "Nikiipata, usingejua kamwe." Na sote wawili tukaanza kucheka, watu wazima wenye akili zao, katikati ya moshi wa breki.

Breki zilipopoa alisimama, akazunguka gari akishikilia bodi, akafungua mlango wa kushoto. "Kaa kule kwenye usukani. Gia ya kwanza mpaka chini. Usiiachie hata ukitukanwa." Nikamwambia sijawahi kutoka nje ya uwanja na barabara ya shule ya udereva. Akasema, "Leo huna uwanja. Una mimi."

Nikamshusha Mkwe kwa gia ya kwanza, mngurumo hadi masikioni, malori yanatupigia honi, kona baada ya kona. Hafidhi alikuwa anaongea bila kunyamaza: "Kata. Kata zaidi. Sasa nyoosha. Mwache apite. Hivyo hivyo." Nilikuwa naogopa na kufurahi kwa pamoja, sijui kipi kilizidi. Ulipoonekana uwanda wa Mombo na joto likatupiga usoni, niligundua nimeuma kanga yangu mpaka nimeitoboa.

Jumamosi, 14 Desemba

Mkwe amebaki huko Mombo, uani kwa fundi mwenzake Elinuru. Elinuru mwenyewe kashuka, kasema atamlaza tu, hatamgusa mpaka tuamue.

Nimeamua. Nimemwambia Hafidhi, "Chukua pesa, kesho kutwa nenda Mazinde. Tununue lile."

"Na wewe?"

"Mimi nitajifunza lolote litakalokuwepo. Hata hilo lako lisilo na klachi."

Nilisema nikitabasamu. Kisha nikaenda shambani nikachuma plamsi kwa hasira kidogo, siyo kwake. Nataka usukani, sijidanganyi. Ile kona nimeishinda mimi. Lakini namtaka na yeye awe na ule uso aliokuwa nao njia ya Soni.

Jumatatu, 16 Desemba

Kaondoka asubuhi na basi, pesa zimeshonewa ndani ya koti.

Saa kumi na mbili jioni nikasikia basi linasimama. Nikatoka nje kuangalia kama kuna taa za gari jeupe nyuma yake. Hakuna. Kashuka Hafidhi peke yake, anaburuta mguu, begani ana gunia. Nikadhani kaibiwa. Nikakimbia.

Akaliweka gunia chini akalifungua. Sahani ya klachi, mpya, bado ina karatasi yake. Viatu vya breki. Gasketi ya injini. Ndani kabisa, umefungwa kwenye gazeti, mto wa kukalia wa dereva, mnene, wa maua mekundu.

"Lucian?" nikauliza.

"Nilifika. Nikakaa ndani ya gari lake, nikaliwasha. Nikaanza kufikiri nitakupa lini zamu." Akafuta jasho. "Nikaona sitakupa. Najijua, Mama Shamsa. Nikikaa kwenye usukani ule nitakuambia kesho, mpaka uzeeke. Nikazima, nikamrudishia ufunguo. Yeye kanisindikiza hadi kwa muuza vipuri."

Nililia nikiwa nimekumbatia sahani ya klachi. Rahma aliyetoka kuchungulia akauliza nani kafa.

Jumatano, 18 Desemba

Hospitali ya Lushoto. Daktari kasema goti litapona kiasi, si lote, na klachi asahau. Njia nzima Hafidhi kaangalia mguu wa kushoto wa dereva wa basi. Nimemwacha aangalie.

Jumanne, 24 Desemba

Elinuru kafungua injini. Kasema hii injini ina moyo kuliko wenye gari.

Jumapili, 5 Januari 2025

Plamsi zinaiva kwa fujo. Matawi yameinama mpaka chini. Harufu imejaa hadi ndani ya nyumba.

Jumatano, 8 Januari

Mkwe amerudi! Kawaka kwa mara ya kwanza. Hakukohoa! Elinuru kasimama pembeni anajifuta mikono, anacheka peke yake.

Jumatatu, 13 Januari

Mtihani. Trafiki, mama mmoja mnene asiyecheka, alinipeleka kwenye mlima mkali nyuma ya mji, akaniambia nisimame katikati. "Sasa ondoka. Ukirudi nyuma hata shubiri, umefeli." Nikamtuliza Mkwe kwa klachi, nikamsikia anavyotaka kwenda, nikamwachia. Tukaenda. Yule mama akaandika, akasema, "Nani alikufundisha?"

"Mume wangu, mama."

"Mwambie kafundisha vizuri."

Nimefaulu! Nimemwambia Hafidhi maneno ya yule mama, kwa sauti, mara mbili. Mara ya pili ndipo alipotabasamu.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeshuka Mombo na matenga ishirini ya plamsi, leseni yangu halali, Hafidhi upande wa kushoto. Kona zote kwa gia. Breki nilizigusa tu kwa adabu. Yeye hakusema neno kutoka Soni hadi chini, na nilielewa kwamba lilikuwa gumu kwake kuliko kuongea. Mara kadhaa mkono wake ulienda kwenye gia, akaurudisha mapajani.

Mombo sokoni wapagazi walinizunguka, wengine wakipiga makofi, mmoja akataka kupiga picha. Nilikuwa nimejaa furaha hadi nashindwa kuhesabu matenga. Lakini jicho langu moja lilikuwa kwa Hafidhi. Alikuwa amepanda bodi, anakunja turubai, anafungua kamba, mguu mbaya ameunyoosha pembeni.

Akaja Mzee Sefania, mfanyabiashara wa mbolea tuliyemzoea, akamwendea moja kwa moja kama alivyozoea miaka yote.

"Hafidhi, mifuko yangu ya mbolea utanipandishia Malindi leo?"

Pale karibu kulikuwa na madereva wenzake wote, wale anaokunywa nao kahawa. Wakageuka kusikiliza.

Hafidhi akafunga fundo la kamba, akalivuta kuona kama limekaza.

"Mzee Sefania, shikamoo," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Mimi utingo. Dereva yule pale, kamuulize yeye."